Wagawane kazi kwanza, mashine ije baadaye

Anayetoka Nairobi kwa barabara kuu ya Thika hupita karibu na kila kitu anachohitaji mtengenezaji wa chakula cha mifugo. Ruaraka kuna kiwanda cha bia ambacho machicha yake hulisha ng'ombe wa maziwa wa Kiambu. Kasarani kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, ambako wataalamu wamewachunguza funza wa nzi askari mweusi kama protini inayoweza kuchukua nafasi ya omena. Juja, katikati ya Ruiru na Thika, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT). Thika kwenyewe kuna viwanda vya unga vinavyotoa pumba, kuna Bidco na biashara yake ya mafuta ya kupikia, kuna Del Monte na makapi ya mananasi ambayo wafugaji huyagombea. Umeme upo, lami ipo, reli ipo.

Hata hivyo mfugaji wa Gatuanyaga au wa Murera hununua chakula gunia moja moja kwenye agroveti, kwa bei anayoikuta imeshapangwa, bila kujua kilichanganywa lini, kwa mahindi ya msimu gani, wala kama protini iliyoandikwa kwenye gunia ndiyo iliyomo ndani. Pumba ilitoka kiwandani kilomita chache kutoka kwake. Imezunguka kwa madalali, ghala, mchanganyaji, msambazaji na mwenye duka, na kila aliyeigusa amejikatia chake. Mzunguko huo ndio ninaotaka kuuzungumzia, na kwa nini vyama vya ushirika vya eneo hili, vikitaka kuukata, vimekuwa vikianzia mahali pasipofaa.

Ukubwa wa jambo lenyewe kwanza. Chakula hubeba kati ya asilimia 60 na 70 ya gharama ya kufuga kuku, na kwa ng'ombe wa maziwa anayefungiwa ndani mambo hayako mbali na hapo. Kuku wa mayai mmoja hula takriban gramu 120 kwa siku. Mwenye kuku 500 basi anamimina kilo 60 kila siku, karibu gunia zima la kilo 70, wawe wametaga au hawakutaga. Bei ya gunia ikipanda shilingi mia tatu, anayejua hesabu ya trei zake anaiona faida ya juma ikiyeyuka kabla hajatoka bandani. Ndiyo maana katika miji hii watu huuza kuku wote kwa siku moja na kugeuza banda kuwa chumba cha kupangisha.

Na hakuna malisho ya kukimbilia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,417,735 katika Kaunti ya Kiambu. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yamekuwa mji mpya wa Tatu City na mitaa ya nyumba za kupanga. Ufugaji wa ndani ulipoenezwa kuanzia 1980 na mradi wa kitaifa wa maziwa uliosaidiwa na Uholanzi, hesabu ilikuwa kwamba ekari chache za nyasi za nepia zingetosha. Leo familia nyingi zina robo ekari, na nepia yenyewe imeshambuliwa na magonjwa ya kudumaa na ya masizi. Mfugaji wa Ruiru hivi sasa ni mnunuzi wa chakula kwanza, ndipo awe muuzaji wa maziwa au mayai. Asiponunua vizuri, hana pengine pa kujiokolea.

Hapo ndipo ushirika unapoingia, na hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Katika mikutano ya vyama, jibu la bei ya chakula huwa moja: tununue mashine yetu. Mwanasiasa huahidi mashine. Mfadhili hutoa mashine. Kamati hupiga picha mbele ya mashine. Chama cha wanachama mia mbili hupata mashine ya kusaga na nyingine ya kuchanganya nusu tani, na siku hiyo hiyo kinatangaza kwamba kitatengeneza chakula cha vifaranga, cha kuku wanaokua, cha kuku wa mayai, cha kuku wa nyama, cha ng'ombe na cha nguruwe, kwa kuwa wanachama wanafuga wote hao. Nia ni njema kabisa, na hasara huanza siku hiyo.

Kuchanganya chakula cha mifugo huonekana kazi ya koleo, na wengi huifanya hivyo hivyo sakafuni kwa mchanganuo uliotumwa kwa simu. Ugumu wake umejificha kwenye vitu vidogo. Vitamini na madini ya premiksi huingia kwa kilo chache tu katika tani nzima. Visiposambaa sawasawa, debe moja linakuwa na ziada na jingine halina kitu, na mwenye kuku ataona maganda laini na mayai machache bila kujua amlaumu nani. Kuku anayetaga anahitaji chakula chenye kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Kuku anayekua, ambaye hajaanza kutaga, anahitaji kama asilimia 1. Mabaki ya chakula cha kwanza yakibaki kwenye mashine na kuingia kwa wingi katika cha pili, figo za kuku wachanga huharibika. Monensini, dawa inayowekwa katika chakula cha kuku kuzuia koksidiosisi, ni sumu kwa farasi na punda hata kwa kiasi kidogo, na watu wanaochotewa maji na punda wanaelewa uzito wa jambo hilo. Kwa hiyo kila unapobadilisha aina ya chakula, mashine inapaswa kusimama na kusafishwa. Saa hiyo fundi analipwa, mkopo wa benki unaendelea, na hakuna hata kilo moja inayotoka.

Sasa hesabu aina sita. Kila aina ina mchanganuo wake, kwa hiyo ghala linahitaji soya, mashudu ya alizeti, mashudu ya pamba, omena, chokaa, pumba za ngano, mahindi, chumvi na premiksi tofauti tofauti, vyote vikiwa vimelipiwa tayari. Kila aina inahitaji gunia lake, kibali chake cha alama ya ubora kutoka KEBS, shirika la viwango la Kenya, na sampuli zake za maabara. Chama kidogo kinajikuta kimefungia fedha za wanachama kwenye malighafi ya chakula ambacho kinauza magunia kumi kwa mwezi. Kiwanda kikubwa cha kibinafsi kinaweza kufanya aina nyingi kwa sababu kina mitambo kadhaa, kila mmoja na kazi yake. Chama chenye mashine moja kikikiiga, kinabeba gharama zote za ukubwa bila kuwa mkubwa.

Mtu hahitaji kwenda mbali kuona namna nyingine. Wakulima wa kahawa wa Kiambu na Murang'a wamekuwa wakigawana kazi kwa miongo mingi. Chama cha msingi hupokea matunda mekundu, huyamenya, huyachachusha, huyaosha na kuyaanika. Kazi hiyo lazima iwe karibu na shamba kwa kuwa tunda likilala linaharibika. Kukoboa ganda na kupanga madaraja hakuhitaji haraka hiyo. Kunahitaji mtambo mkubwa na watu wenye ujuzi, kwa hiyo kahawa kavu husafirishwa hadi kwenye mitambo ya kukoboa, mingine ikiwa hapa hapa Thika. Hakuna kiwanda cha kumenya kinachoona haya kwa kukosa mtambo wa kukoboa.

Kahawa hiyo hiyo imetuonyesha upande wa pili. Sheria ya vyama vya ushirika ya 1997 ilipoondoa mkono wa serikali, vyama vikubwa vya eneo la kati vilianza kupasuka. Kila kiwanda kilitaka kuwa chama chenye mwenyekiti wake, meneja wake, mkaguzi wake wa hesabu na ofisi yake. Kilo za kahawa hazikuongezeka; walioongezeka ni walioketi mezani kuzigawana. Othaya, kule Nyeri, walibaki chama kimoja chenye viwanda vingi, na ndio waliofika mahali pa kuwa na mtambo wao wa kukoboa. Sisemi umoja peke yake uliwatosha. Nasema mtambo ulikuja baada ya kuwepo kahawa ya kutosha kuushughulisha.

Mpangilio huo, kazi kwanza na mtambo baadaye, unajirudia kila ninapotazama vyama vilivyofaulu. Mwaka 1946 wafugaji wa wilaya ya Kaira, jimbo la Gujarat nchini India, waliunda muungano wa maziwa ambao dunia inaujua kwa jina la Amul. Kiwanda chao cha chakula cha mifugo huko Kanjari kilizinduliwa Oktoba 1964 na Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri. Ilichukua miaka 18. Kwa miaka hiyo 18 vyama vya vijiji vilikuwa vikikusanya maziwa asubuhi na jioni, kuyapima, kulipa na kuweka daftari. Kiwanda kilipofunguliwa, wanunuzi walikuwa wameshaandikwa majina, idadi ya ng'ombe inajulikana, na njia ya kufikisha magunia ipo, kwa sababu gari lililoleta maziwa mjini lingeweza kurudi na chakula kijijini. Chama cha kijiji hakikuchanganya chochote. Kiliagiza, kikauza, kikakata deni kwenye malipo ya maziwa. Muungano ndio uliochanganya. Katika ziara hiyo Shastri alilala kijijini ili ajionee mwenyewe, na mwaka uliofuata India ikaunda Bodi ya Kitaifa ya Maendeleo ya Maziwa ili kueneza mfano wa Amul nchini kote.

Tusidhani hayo ni ya Wahindi tu. Chama cha Wafugaji wa Maziwa cha Githunguri kilianzishwa 1961. Kiwanda chake cha kusindika, kinachotoa maziwa ya Fresha, kilianza kazi 2004. Kwa zaidi ya miaka 40 chama kilijifunza kukusanya maziwa na kulipa watu kabla ya kujitwika mtambo. Na maduka yake, yanayompa mwanachama chakula na dawa kwa mkopo unaokatwa kwenye maziwa ya mwezi, yamefanya kazi ambayo haipigwi picha lakini ndiyo inayomfanya mfugaji asihame. Mtu wa Githunguri akiambiwa kwamba nguvu ya chama ni daftari, hatashangaa.

Mfano wa tatu umekuja hadi mlangoni kwetu, na naona hatujautazama vya kutosha. Land O'Lakes ni ushirika wa wakulima wa Marekani, ulioanzishwa Minnesota mwaka 1921 na watengenezaji siagi. Mwaka 2001 uliinunua Purina Mills, moja ya kampuni kubwa za chakula cha mifugo nchini mwao. Ushirika huo ulipotaka kuingia katika soko la chakula cha mifugo la Kenya, ulishirikiana na Bidco, kampuni yenye makao yake Thika. Mmarekani alileta ujuzi wa mchanganuo. Bidco ikawa na jina, soko na magari. Wakulima wa Minnesota, kupitia chama chao, wakawa na hisa katika biashara ya kumuuzia chakula mfugaji wa Kenya, huku mfugaji wa Kenya, mwenye chama chake pia, akisimama upande wa kununua gunia. Sioni ubaya wowote katika walichofanya Wamarekani hao. Kinachoniuma ni kwamba vyama vyetu vina kitu ambacho Land O'Lakes ingelipa fedha nyingi kukipata, na havijui kuwa vinacho.

Kitu chenyewe ni kujua mahitaji kabla hayajatokea. Mtengenezaji wa kibinafsi hukisia. Hajui wiki ijayo Juja itanunua magunia mangapi, kwa hiyo hutengeneza ziada, huweka ghalani, hulipa mawakala, hutangaza redioni, na gharama hizo zote zimo kwenye bei ya gunia. Chama cha maziwa chenye ng'ombe 1,000 wanaokamuliwa, kila mmoja akila kilo 4 za chakula cha dukani kwa siku, kinajua leo kwamba mwezi ujao kitahitaji tani 120. Kinajua zitakwenda njia gani, siku gani. Kinajua kwamba deni litalipwa kwa sababu maziwa yanapita mikononi mwake. Chama cha wafuga kuku kinajua vifaranga wa siku moja walioingia mwezi huu wataanza kutaga baada ya miezi minne na nusu au mitano, na kwamba hapo ndipo kitakapohitaji chakula cha kutagia. Hakuna kiwanda cha kibinafsi barabara hii chenye habari za namna hiyo.

Basi kila mmoja afanye anachokiweza kuliko wengine. Chama cha msingi kihesabu mifugo, kikusanye maagizo, kigawe magunia, kikate madeni. Vyama kadhaa vya Thika, Gatundu, Juja na Ruiru viunde muungano wa kununua malighafi kwa pamoja, wenye ghala moja kavu na meneja mmoja anayejua soko la nafaka. Premiksi inunuliwe kwa wanaoitengeneza kama kazi yao; hakuna sababu ya chama kujitwika vitamini. Mchanganuo uandikwe na mtaalamu wa lishe ya mifugo aliyeajiriwa au kulipwa kwa kazi, na sampuli zipimwe na maabara isiyo ya chama wala ya kiwanda. JKUAT iko katikati ya eneo lenyewe, na ingelifaa ishughulishwe na wafugaji wanaoiona kila siku wakipita na maziwa yao.

Na kuchanganya kwenyewe? Kuchanganya, nasema, kukodiwe. Mwananchi mwenye debe la mahindi hajengi mashine ya posho nyumbani kwake; hupeleka mahindi, hulipia kwa kilo, hurudi na unga wake. Muungano wa vyama uende kwa kiwanda kilichopo Thika, ambacho mitambo yake haifanyi kazi usiku na mchana, ukiwa na mahindi yake, soya yake na mchanganuo wake, ulipie saa za mtambo na kuondoka na magunia yenye jina la chama. Mwenye kiwanda anapata kazi ya uhakika bila kutafuta soko. Chama kinapata mtambo bila mkopo wa mtambo. Kiwanda kikianza kupandisha bei au kuchezea mchanganyiko, muungano unahamia cha jirani. Uhuru huo wa kuhama ndio ambao mwenye mashine yake iliyokopewa hana.

Halafu chama kichague. Chama cha maziwa kiagize chakula cha ng'ombe wanaokamuliwa, basi. Chama cha kuku kiagize chakula cha kutagia, basi. Mwanachama mwenye nguruwe wawili na vifaranga hamsini aendelee kununua kwenye agroveti. Najua ugumu wa kusema hivyo kwenye mkutano mkuu, mbele ya mama anayefuga kidogo cha kila kitu na anayelipa hisa sawa na mwenzake. Lakini chakula cha aina moja, kinachochanganywa kwa wingi, juma baada ya juma, kwa mchanganuo ule ule, ndicho kinachoshusha gharama na kupunguza makosa. Fundi anayerudia kazi moja huinusa pumba iliyovunda kabla maabara haijasema.

Suala la kuvunda si dogo hapa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu ya aflatoksini yaliua watu 125 kati ya 317 waliougua, na wengi wa wagonjwa walitoka Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Thika imo katika orodha hiyo. Mahindi yanayokataliwa na mwenye kiwanda cha unga hayatoweki. Mara nyingi hushuka bei na kutafuta njia ya kuingia katika chakula cha mifugo. Ng'ombe akiyala, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa, na maziwa hayo hunywewa na mtoto wa mfugaji kabla ya kufika Nairobi. Mnunuzi wa gunia moja hana namna ya kujikinga. Muungano unaonunua tani mia unaweza kupima unyevu kila lori linapofika, ukakataa yaliyozidi asilimia 13.5, ukapima sumu, na ukalirudisha lori. Kwangu mimi sababu hii ingetosha hata kama bei ya gunia isingeshuka kwa senti moja.

Malighafi ndiko fedha zilikojificha pia. Karibu nusu au zaidi ya chakula cha kuku ni mahindi, na anayenunua wakati wa mavuno na kuhifadhi vizuri hulipa bei tofauti kabisa na anayenunua Mei au Juni. Omena ya Ziwa Viktoria ina msimu wa kufungwa kwa uvuvi kuanzia Aprili hadi Julai, na wachuuzi wa omena yenye mchanga humtafuta mnunuzi mdogo aliyekosa. Alizeti hulimwa kwa wingi Singida na Dodoma, nchini Tanzania, ambako wakulima nao wana vyama vyao vya ushirika. Mkataba wa chama kwa chama, wa mashudu ya mwaka mzima, ungewafaa wa pande zote mbili za mpaka kuliko mlolongo wa madalali uliopo.

Nitaambiwa kwamba anayetegemea wengine hupata hasara wanapokwama. Ni kweli, na mwaka 2021 ulitufundisha. Machi mwaka huo Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikafungua tena ndani ya siku chache kwa masharti. Bei ya soya ikapaa, watengenezaji wadogo wa chakula wakafunga, na serikali ikalazimika kuondoa ushuru kwa baadhi ya malighafi za kutoka nje. Marufuku ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba, iliyowekwa 2012, ikatangazwa kuondolewa Oktoba 2022 na kuishia kwenye mivutano ya mahakama, kwa hiyo hata njia ya kuagiza mazao hayo haikuwa ya kutegemewa. Lakini tazama ni nani aliyeumia zaidi katika dhoruba hiyo: mwenye mashine ndogo, mkopo mkubwa na ghala tupu. Mashine haikumletea soya. Aliyekuwa na akiba ya miezi mitatu na fedha mkononi ndiye aliyepumua, na akiba hujengwa na wengi wanaonunua pamoja.

Pingamizi lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, linahusu watu. Wafugaji wa eneo hili wamewahi kuibiwa na kamati zao. Wanakumbuka jinsi kampuni ya maziwa ya KCC ilivyoanguka na madeni ya maziwa, hadi serikali ilipoirudisha mikononi mwake kwa jina la New KCC mwaka 2003. Wanakumbuka KPCU, muungano wa wakulima wa kahawa, ilivyowekwa chini ya mrasimu mwaka 2009. Ukiwaambia waunde muungano juu ya vyama vyao, watauliza ni mwenyekiti gani mwingine atakayenunua gari. Swali hilo ni halali. Jibu langu ni kwamba kugawana kazi kwa mkataba huacha mahali pachache pa kuficha kitu. Chama kinachonunua, kiwanda kinachochanganya na maabara inayopima wakiwa watu watatu tofauti, kila mmoja ana karatasi inayoweza kumkana mwenzake. Tani za mahindi zilizoingia kiwandani zisipolingana na magunia yaliyotoka, hitilafu inaonekana mwezi huo huo. Kamati inayonunua, kuchanganya, kupima na kuuza chini ya paa moja inajikagua yenyewe.

Ziada nayo irudi kwa mwanachama kulingana na magunia aliyonunua. Wanaushirika wa Rochdale, Uingereza, walifanya hivyo dukani kwao tangu 1844, na sababu yao bado ina nguvu: faida imetokana na anayenunua, si na mwenye hisa nyingi aliyekwisha kuuza kuku wake. Mfugaji wa Ruiru anayeona bonasi yake ya Desemba imeandikwa gunia kwa gunia hatahangaika na wakala anayempunguzia shilingi hamsini Jumanne moja na kutoweka Jumanne inayofuata.

Kwa Kaunti ya Kiambu nina ombi moja. Fedha za kununulia vikundi mashine ndogo ziwekwe kwenye ghala kavu lenye vipimo vya unyevu na kwenye kulipia upimaji wa sampuli. Ghala halina mvuto wakati wa kampeni, lakini litatumiwa na mwenye ng'ombe, mwenye kuku na mkulima wa mahindi wa Ngoliba vilevile. Siku vyama vitakapokuwa vinachanganyisha tani za kutosha kushughulisha mtambo mzima siku sita kwa wiki, kwa mwaka mzima bila kukatika, hapo vijenge mtambo wao, na benki itakayoona hesabu hizo haitahitaji kubembelezwa.

Lililobaki linaweza kuanza katika mkutano mkuu ujao wa chama chochote kati ya Ruiru na Thika. Katibu alete idadi ya mifugo ya wanachama, aina ya chakula kinachonunuliwa zaidi, na tani zinazohitajika kwa mwezi. Wanachama wachague aina moja tu. Wajumbe wapeleke hesabu hiyo kwa vyama viwili vya jirani, na kwa pamoja waende kuzungumza na viwanda viwili au vitatu vya Thika, wapate bei ya kuchanganyiwa kwa tani. Mkataba wa kwanza uwe wa miezi sita, na kiwanda kilipwe baada ya majibu ya maabara kusomwa mbele ya wanachama.